Jinsi ya kuziwezesha tarakilishi kongwe na mpya kusomeana faili nyumbani

KATIKA nyumba nyingi za Kitui na Makueni zilizo na tarakilishi zaidi ya moja, ile mpya haikununuliwa ili ile ya zamani itupwe. Kipakatalishi kipya huja na mwanafunzi wa chuo au mwalimu anayeandaa mitihani, ilhali mashine kongwe ya mezani husalia kwenye kona yake ikiwa imebeba kumbukumbu zote za familia: picha za harusi, barua za shamba, hesabu za chama, orodha ya wanachama wa mwethya waliochangia bwawa la mchanga na kiasi ambacho kila mmoja alitoa.

Siku mwenye nyumba anapotaka mashine hizo mbili zisomeane ndipo shida huanza. Moja hutumia Windows XP au Windows 7, nyingine Windows 10 au 11. Zote zimeunganishwa na ruta moja na taa zinamulika, lakini moja haiioni nyingine. Au huiona, kisha ikadai nywila ambayo hakuna mtu nyumbani aliyewahi kuiweka. Wengi hukata tamaa na kuirudia flashi, ile ile ambayo imeshapita katika saiba tatu mjini na kurejea na virusi.

Ni vyema ifahamike mapema kwamba katika hali kama hii, aghalabu mashine kongwe haijaharibika wala mpya haina kasoro. Ziliundwa nyakati tofauti, na katika muda huo kanuni za kuaminiana kati ya tarakilishi na tarakilishi zilibadilika. Anayezifahamu kanuni hizo anaweza kuimaliza kazi alasiri moja. Asiyezifahamu huenda akafanya jambo baya kuliko kushindwa, nalo ni kulegeza ulinzi wa mashine mpya hadi iwe dhaifu kama ile ya zamani.

Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019, Kitui ilikuwa na wakazi 1,136,187 na Makueni 987,653. Kote nchini, ni asilimia 8.8 tu ya nyumba zilizokuwa na tarakilishi ya mezani, kipakatalishi au tableti. Kwa hivyo tarakilishi iliyoko nyumbani kijijini mara nyingi haiwi ya mtu mmoja. Jirani huja kuchapisha barua, katibu wa kikundi huja kuandika kumbukumbu za mkutano, na mtoto wa shangazi huja kujaza fomu. Ikizimika na kutowaka tena, hasara huwa ya watu wengi.

Aidha, mashine nyingi hizo hazikuingia zikiwa mpya. Nyingine zilitoka katika maduka ya Nairobi yanayouza tarakilishi zilizokwisha kutumika Ulaya, nyingine zilitolewa na ofisi zilipobadilisha vifaa. Hata shuleni mambo yamekuwa hayo hayo: shirika la Computers for Schools Kenya, lililoanzishwa mwaka 2002, limejijengea jina kwa kukarabati mashine zilizotumika na kuzipeleka katika shule. Haishangazi basi kupata chini ya paa moja mifumo endeshi mitatu ambayo umri wake unapishana kwa miaka 20.

BANDO SI LAZIMA

Dhana moja iliyoenea ni kwamba kuhamisha faili bila flashi lazima kutumie intaneti. Dhana hii imewagharimu watu pesa bure, kwani wapo wanaojitumia faili kwa barua pepe kutoka chumba kimoja hadi kingine. Faili husafiri hadi ng'ambo na kurudi, kwa malipo ya kwenda na ya kurudi, ili ivuke ukuta mmoja.

Kinachohitajika ni njia kati ya mashine hizo mbili, basi. Ruta iliyoishiwa na bando hufanya kazi hii sawasawa na ruta iliyojaa bando, mradi iwe na umeme. Pale ambapo hakuna ruta, waya mmoja wa mtandao watosha kuziunganisha mashine mbili moja kwa moja. Zamani ilibidi uwe waya maalumu ambao nyuzi zake zimepishana, lakini ikiwa angalau moja kati ya mashine hizo ni ya kisasa, waya wa kawaida utafaa kwani mashine yenyewe hujirekebisha.

Mashine zikiunganishwa hivyo bila ruta, kila moja hujipa anwani inayoanza na tarakimu 169.254, baada ya kungoja kwa muda wa dakika moja hivi. Skrini huonyesha alama ya njano ya tahadhari. Wengi huchomoa waya hapo wakidhani wamekosea, ilhali alama hiyo inasema tu kwamba hakuna intaneti, jambo ambalo walilijua tangu mwanzo.

Simu nyingi pia zaweza kugeuzwa kituo cha waifai na vipakatalishi viwili vikajiunga nayo na kupeana faili, hata data ikiwa imezimwa. Baadhi ya simu hukataa kuruhusu vifaa vilivyojiunga nazo vionane, na hapo hakuna la kufanya ila kutafuta waya. Kwa waya wa megabiti 100 kwa sekunde, gigabaiti moja ya picha huchukua takriban dakika moja unusu.

LUGHA ILIYOBADILIKA

Lugha ambayo tarakilishi za Windows hutumia zinapoombana faili huitwa SMB. Asili yake ni kazi ya Barry Feigenbaum katika kampuni ya IBM mwaka 1983. Microsoft waliichukua baadaye na kuipanua. Mwaka 1992 Andrew Tridgell wa Australia alitoa programu ya bure ambayo baadaye ilikuja kuitwa Samba, na ndiyo inayoiwezesha Linux hadi leo kuzungumza na Windows kana kwamba ni ndugu.

Windows XP, iliyotoka Oktoba 2001, hujua toleo la kwanza tu la lugha hiyo. Windows Vista, iliyofika madukani Januari 2007, ilileta toleo la pili. Windows 7 ya Oktoba 2009 inayajua yote mawili, na hilo msomaji alikumbuke kwani litamfaa hapo mbele. Windows 10 ya Julai 2015 na Windows 11 ya Oktoba 2021 zinatumia toleo la tatu, ingawa la pili pia hulikubali.

Kilichovuruga uhusiano huo wa vizazi ni tukio la Mei 12, 2017. Siku hiyo programu haribifu iliyoitwa WannaCry ilianza kusambaa ikipitia udhaifu uliokuwa katika utekelezaji wa toleo la kwanza la SMB. Ilizifunga faili za watu na kudai malipo ya Bitcoin ili izifungue, na iliripotiwa katika nchi zaidi ya 150. Hospitali za Uingereza zilikuwa miongoni mwa walioathirika vibaya. Microsoft walikuwa wametoa kiraka tangu Machi mwaka huo, na siku moja baada ya shambulizi wakatoa kingine cha Windows XP, mfumo ambao walikuwa wameacha kuuhudumia tangu Aprili 8, 2014.

Tangu toleo la Windows 10 lililotoka mwishoni mwa mwaka 2017, SMB ya kwanza haiwekwi tena katika mashine mpya kwa kawaida. Matokeo yake ni kwamba mashine ya XP ikibisha hodi kwa Windows 10 au 11, haijibiwi. Mafundi wengi wa mitaani huitatua shida hii kwa kuiwasha tena SMB ya kwanza katika mashine mpya. Faili huonekana papo hapo, mteja hufurahi, na fundi hulipwa. Lakini mlango uliofungwa kwa sababu nzuri umeachwa wazi, na mashine hiyo mpya ndiyo inayobebwa kwenda chuoni Kwa Vonza au kazini na kuunganishwa na mitandao ya watu wasiojulikana. Kwa maoni ya mwandishi huyu, fundi asiyemweleza mteja wake jambo hilo hajamaliza kazi.

JINA, NYWILA NA AINA YA MTANDAO

Iwapo mashine kongwe ni ya Windows 7 na mpya ni ya Windows 10 au 11, habari ni njema: zinaelewana lugha. Zikikosa kuonana, tatizo huwa katika mojawapo ya mambo yafuatayo, na yafaa kuyachunguza kwa utaratibu huu.

Kwanza ni majina. Kila tarakilishi sharti iwe na jina lake, lisilozidi herufi 15. Mashine mbili zilizowekewa Windows kwa kunakili diski moja huweza kuwa na jina moja, na hapo hugombana. Kisha kuna jina la kundi, ambalo katika matoleo mengi ni WORKGROUP. Windows XP ya nyumbani ilikuja na jina tofauti, MSHOME, nayo XP ya kiofisi ikaja na WORKGROUP. Tofauti hiyo ndogo iliwasumbua watu wengi Vista ilipoingia. Hata hivyo, majina ya makundi yakitofautiana hayazuii faili kusomwa. Huzuia tu mashine isionekane upesi kwenye orodha.

Kwa sababu hiyo, usiiamini sana orodha ya mashine inayojitokeza kwenye skrini. Katika mashine yenye faili, fungua dirisha la amri, andika ipconfig na usome anwani yake. Katika ile nyingine, andika anwani hiyo kwenye upau wa anwani wa dirisha la faili, ukiitanguliza kwa mikwaju miwili ya kurudi nyuma, yaani \\ kisha tarakimu. Mashine nyingi zinazodaiwa kutoonekana hufunguka hapo hapo.

Pili ni aina ya mtandao. Tangu Vista, Windows humuuliza mtumiaji iwapo mtandao aliojiunga nao ni wa faragha au wa umma. Akichagua wa umma, mashine hujificha kama inavyopaswa kujificha katika hoteli au kituo cha mabasi. Watu wengi hubofya jibu la kwanza wanaloliona na kusahau. Nyumbani, badilisha uwe wa faragha. Usizime ukuta wa ulinzi wa mashine. Ukishaweka aina sahihi ya mtandao, ukuta wenyewe huruhusu faili zipite.

Tatu ni nywila, na hapa ndipo penye mkanganyiko mkubwa. Windows ya kisasa humtaka anayeomba faili awe na akaunti katika mashine inayozitoa. Kuna mambo mawili ambayo hayaelezwi vya kutosha. La kwanza, akaunti isiyo na nywila kwa kawaida hukataliwa kupitia mtandao, ingawa nyumbani unaifungua kwa kubofya tu. La pili, ile PIN ya tarakimu nne unayoifungulia Windows 10 au 11 haifai kitu mtandaoni. Ni ya mashine hiyo pekee. Watu huiandika mara kumi, ikikataliwa mara kumi, wakilaumu ruta.

Dawa ni kufungua akaunti moja ya kawaida katika mashine yenye faili, yenye jina fupi na nywila halisi, na kuitumia hiyo unapoulizwa. Ukiiweka akaunti yenye jina na nywila zile zile katika mashine zote mbili, hutaulizwa tena. Wapo wanaopendekeza kuzima kabisa matakwa ya nywila ili kila mtu aingie kama mgeni. Mbali na hatari yake, njia hiyo yazidi kufungwa: Windows 11 Pro katika toleo la mwaka 2024 hukataa kwa kawaida kufungua faili kwa mwenyeji anayempokea mgeni bila nywila.

Baada ya hayo, chagua folda moja tu ya kushirikisha. (Walioitafsiri Windows kwa Kiswahili waliiita kabrasha, jina zuri ambalo kwa bahati mbaya halikushika.) Bofya folda hiyo kwa kitufe cha kulia cha kipanya, ingia katika sifa zake, fungua ukurasa wa kushirikisha na uongeze ile akaunti uliyoiunda. Amua pia kama anayekuja atasoma tu au ataweza kubadilisha. Kuna ruhusa za aina mbili, za mtandao na za diski, na zikitofautiana, iliyo kali zaidi ndiyo hushinda. Hii ndiyo sababu mtu huweza kuiona folda asiweze kuifungua. Usishirikishe diski nzima kwa uvivu.

Waliozoea huduma ya HomeGroup, iliyoletwa na Windows 7 ili kurahisisha haya yote, wajue kwamba iliondolewa katika Windows 10 mwaka 2018. Kuitafuta ni kupoteza wakati.

XP NA WINDOWS 11

Kwa mashine ya XP, swali la kufaa si jinsi ya kuiunganisha daima na mashine mpya, bali jinsi ya kuyatoa yaliyomo mara moja na kwa usalama.

Njia iliyo bora ni kuitoa diski yake na kuitia katika kasha la USB, kisha kuichomeka kwenye mashine mpya kama flashi kubwa. Kabla ya kununua kasha, itazame diski: zile za kale zaidi zina pini nyingi na hutumia utepe mpana, zilizofuata zina plagi nyembamba, na kasha la moja halifai nyingine. Windows ikikuambia huna ruhusa ya kufungua folda ya mtumiaji wa zamani, si kwamba faili zimepotea. Ingia kama msimamizi wa mashine na ukubali kupewa ruhusa.

Njia ya pili ni kumtumia mkalimani. Mashine ya Windows 7, kama ipo nyumbani au kwa jirani, inazijua lugha zote mbili. Faili hunakiliwa kutoka XP hadi Windows 7, na Windows 10 au 11 ikazichukua hapo. Kwa kuwa Windows 7 nayo iliacha kuhudumiwa Januari 14, 2020, kazi hii ifanywe intaneti ikiwa imekatwa. Windows 10 pia ilifika mwisho wa huduma ya kawaida Oktoba 14, 2025, na mashine nyingi zinazoitumia haziwezi kupandishwa hadi Windows 11 kwa kukosa sifa za kiusalama zinazotakikana. Kwa hivyo mashine inayoitwa mpya katika makala haya itakuwa kongwe ya kesho katika nyumba nyingi.

Njia ya tatu ni kuiwasha mashine kongwe kwa Linux kutoka kwenye flashi, bila kuigusa Windows iliyomo, na kuzituma faili kupitia Samba. Yahitaji ujuzi kidogo na uteuzi wa Linux nyepesi, kwani mashine za XP aghalabu zina kumbukumbu ndogo.

Na iwapo flashi ndiyo tegemeo pekee, itumike kwa hadhari. Kirusi cha Conficker, kilichogunduliwa Novemba 2008, kilisambaa kwa mtandao na kwa flashi pia, kikitumia tabia ya Windows ya kuendesha chenyewe kilichomo ndani ya kifaa kinapochomekwa. Ikaguliwe flashi kwa programu ya kukinga virusi katika mashine mpya kabla ya kufungua lolote. Flashi iliyoumbwa kwa mpango wa FAT32 haipokei faili moja inayozidi gigabaiti 4, hata kama ina nafasi ya 32; video ndefu ya harusi hukwama hapo.

UMEME UNAPOKATIKA

Faili zinakiliwe, zisihamishwe. Tofauti ni kubwa mahali ambapo umeme hukatika pasi na taarifa: anayehamisha hufuta kule anakotoa kadiri kazi inavyoendelea, na stima zikipotea katikati hubaki na nusu huku na nusu kule. Anayenakili hana la kupoteza. Akimaliza, na alinganishe idadi ya faili na ukubwa wa folda pande zote mbili, kisha afungue chache hapa na pale kabla ya kufuta chochote.

Mashine inayotoa faili isiachwe ilale usingizi. Ikilala, hutoweka mtandaoni. Kama mojawapo ni kipakatalishi chenye betri nzima, hiyo ndiyo ifanywe ghala la faili.

Faili zikishafika, huenda zikakataa kufunguka. Hati zilizoandikwa kwa Word ya mwaka 2007 na baadaye huishia kwa herufi docx, nazo programu za kabla ya hapo hazizielewi. Ikiwa mashine zote mbili zitaendelea kutumika, hifadhi hati za pamoja kwa muundo wa zamani, au weka LibreOffice, ambayo ni ya bure na husoma miundo yote miwili. Toleo la 5.4 ndilo la mwisho linalokubali Windows XP. Daftari la hesabu likifunguliwa na watu wawili kwa wakati mmoja, wa pili huambiwa anaweza kusoma tu. Asiihifadhi kwa jina jipya ili kukwepa kizuizi hicho, kwani ndivyo chama kinavyojikuta na madaftari mawili yenye jumla tofauti na mweka hazina asiyejua lipi la kweli.

Orodha za vikundi huwa na majina, nambari za vitambulisho na za simu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 haiyagusi matumizi ya mtu binafsi au ya nyumbani tu, lakini kumbukumbu za wanachama wa kikundi ni jambo jingine. Ziwekwe katika folda yake, yenye akaunti yake, mbali na ile ambayo watoto hufungulia picha na nyimbo. Na kabla ya tarakilishi kongwe kuuzwa kwa fundi wa vipuri, diski yake itolewe au ifutwe kwa programu maalumu, kwa kuwa faili iliyotupwa kwenye pipa la taka la Windows, hata pipa likimwagwa, mara nyingi huweza kurudishwa na yeyote mwenye programu ya kufufua faili.